Kabla ya kukata mfurungu

Mkulima wa machungwa akiambiwa kwamba mfurungu unaotia kivuli shamba lake una thamani kuliko safu nzima ya michungwa iliyobebeshwa, atacheka, na kwa hesabu za soko ana haki. Hesabu za vinasaba zinasema vingine. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya miti 60 ya jamii ya michungwa, ukionyesha kuwa chimbuko lake ni miteremko ya kusini-mashariki ya Himalaya, kati ya Assam, kaskazini mwa Myanmar na magharibi mwa Yunnan, miaka ipatayo milioni 8 iliyopita. Wazee wa ukoo waliozaa matunda mengi ya sokoni ni watatu: furungu, chenza la mwituni, na sitroni, tunda la ganda nene lenye maji kidogo. Yaliyobaki karibu yote ni machotara. Danzi ni mtoto wa furungu na chenza; limau ni mtoto wa danzi na sitroni; balungi lilitokea Barbados katika karne ya 18, furungu lilipochanganyika na chungwa.

Chungwa lenyewe lina damu ya furungu na chenza zilizochanganyika zaidi ya mara moja. Ulipopatikana mti wenye tunda tamu, watu waliacha kuzalisha na wakaanza kunakili. Valencia, Washington na hata machungwa mekundu ya Sisilia ni mti huohuo mmoja, uliobadilika hapa na pale kwenye tawi. Hata ukipanda mbegu ya chungwa, mara nyingi kinachoota ni nakala ya mama, kwa kuwa kiini kinatokana na tishu zake bila baba kuhusika. Furungu haliko hivyo. Kila mbegu yake ni mtoto mpya, kwa hiyo mifurungu iliyoota kwa mbegu katika viambo vya pwani inatofautiana mmoja na mwingine, kila mmoja ukiwa na mchanganyiko usiopatikana kwingine.

Kwa nini hilo limhusu anayeuza machungwa? Kwa sababu michungwa imekuwa ikiokolewa na ndugu zake. Karne ya 19, kuoza kwa mizizi kulipoangamiza mashamba ya Mediterania, wakulima walibebesha chungwa juu ya shina la danzi, lililohimili ugonjwa huo. Miaka ya 1930 na 1940 virusi vya tristeza vikaua mamilioni ya miti huko Argentina na Brazili, na iliyokufa ni ileile iliyobebeshwa juu ya danzi. Safari hii nafuu ikatoka kwenye mashina ya ndugu wengine. Sasa kuna ugonjwa wa kijani, uliochangia pamoja na vimbunga kuishusha Florida kutoka masanduku milioni 244 ya machungwa msimu wa 1997/98 hadi chini ya milioni 20 msimu wa 2022/23. Mdudu wa Kiasia anayeueneza ameshaonekana Tanzania na Kenya. Miongoni mwa miti inayoonyesha uvumilivu ni ndimu za mwitu za Australia, ambazo hakuna aliyekuwa akizililia.

Wapo watakaosema teknolojia ya kuhariri vinasaba itamaliza kazi. Huenda ikasaidia, lakini mhariri huhitaji mfano wa kuiga, na mfano huo uko ndani ya mti ulio hai. Wengine watasema mbegu zihifadhiwe kwenye majokofu. Mbegu nyingi za jamii hii hazivumilii kukaushwa kama mahindi, ndiyo maana hifadhi zake za kawaida ni bustani zenye miti iliyosimama. Hoja nzito zaidi ni ya mkulima wa Muheza, Tanzania: furungu halimlipii ada ya shule. Ni kweli, na si haki kumtaka abebe peke yake mzigo wa faida ya wote. Anayepaswa kulipa ni serikali: taasisi za utafiti wa kilimo zichukue vikonyo vya mifurungu ya zamani ya Unguja, Pemba na pwani ya bara, zivipande katika bustani zilizokingwa na wadudu, na kupima uvumilivu wa kila mmoja kabla shoka halijafika.