Mvinyo wa sikukuu: chupa unayochagua inamgusa mkulima wa zabibu

Krismasi inakaribia, na wasikilizaji wetu wanatuuliza: mvinyo upi unafaa kwa chakula cha sikukuu? Jibu lina sehemu mbili, mezani na shambani.

Mezani ni rahisi. Mwekundu mkavu unaendana na nyama choma, ya mbuzi au ya ng'ombe. Mweupe uliopozwa unafaa kwa samaki na kuku. Mtamu subirini mwisho, pamoja na keki.

Shambani habari ni nzito zaidi. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini zabibu haisubiri. Ikikosa mnunuzi siku chache tu, inamwozea mkulima mikononi. Ndiyo maana mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo, ili viwanda vinunue hapa. Nafuu hiyo haimfikii mkulima kama sisi wanywaji tunachukua chupa ya maji, sukari, rangi na spiriti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma lebo: imetaja zabibu? Kiwanda kiko wapi? Kisha kagua stempu ya TRA kwa simu, kupitia programu ya Hakiki Stempu. Stempu inahusu kodi; kuhusu zabibu, tegemea lebo.

Mavuno yajayo ni karibu na Machi. Chupa zitakazoisha madukani sikukuu hii ndizo zitakazokirudisha kiwanda shambani kununua.