Betri ikichoka, simu haijafa

Siku hizi ukimuuliza mtu kwa nini amenunua simu mpya, jawabu ni moja tu: "Ile ya zamani haikai na chaji." Nimelisikia Mombasa, nimelisikia Malindi. Juzi nikalisikia tena mbali na bahari, Buyangu, kaunti ya Kakamega, upande wa kaskazini wa msitu ule unaosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Buyangu si Pwani, lakini shida ni ile ile. Kijana anayetembeza wageni msituni hupigiwa simu, hulipwa kwa M-Pesa, na jioni akitaka kununua unga, pesa zimo ndani ya simu hiyo hiyo. Betri ikizima saa tisa, pochi imefungwa. Kwa hivyo simlaumu anayekimbilia simu mpya. Ninalouliza ni kama dawa anayonunua ndiyo ya ugonjwa wake.

Msituni mtandao huja na kuondoka. Simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu na kutafuta mawimbi bila kupumzika, na chaji huliwa hata kama hakuna aliyeigusa. Nunua mpya, iingize chini ya miti ile ile, nayo italiwa vile vile. Kuiweka katika hali ya ndegeni mahali pasipo mtandao hakugharimu hata ndururu.

Kwetu Pwani adui ni joto. Simu iliyoachwa juani, au inayochajiwa ikiwa imefunikwa mtoni, betri yake ya lithiamu huzeeka mapema.

Na hata ukiitunza, betri huzeeka. Kila chaji humla kidogo, na baada ya mamia ya chaji haibebi tena ilichobeba mwanzo. Lakini aliyezeeka ni betri, si simu. Disemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Baada ya wateja kulalamika, ikateremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka wa 2018. Walioweka betri mpya waliona simu zao zikirudi mbio.

Mnyonge anaumia zaidi hapa. Tangu 2020, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom ulipoanza kwa shilingi 20 kwa siku, wengi wetu tumepata simu kwa mkopo. Ni jambo la heri. Lakini anayebadilisha simu kwa sababu ya betri hujifunga deni jipya, na asipolipa simu hufungwa. Ameikimbia betri inayozima jioni, akaangukia deni linaloweza kuizima asubuhi.

Basi wenzetu wamefanyaje? Umoja wa Ulaya umeweka sheria iliyoanza kutumika Juni 2025: betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Sisi nasi tuna kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kilichofunguliwa Oktoba 2023. Kama simu zinaunganishwa nyumbani, kwa nini betri zake halisi zisiuzwe Kakamega, Kilifi na Lamu kwa bei iliyotangazwa? Wabunge wetu walidai hilo, kwani sheria ya Ulaya haimlindi mnunuzi wa hapa.

Mpaka wakati huo, fungua mipangilio ya simu uone ni programu gani inayokula chaji. Kisha muulize fundi unayemwamini bei ya betri, si ya simu. Jihadhari na betri bandia. Ikianza kufura, usiichaji tena. Cha rahisi ni ghali, lakini na cha ghali si lazima kiwe dawa.