Redio ya Taifa Si Tarumbeta ya Ikulu

Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa waliotaka kuipindua serikali walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela awaambie wananchi kwamba utawala umeanguka. Siku hiyo hiyo askari watiifu wakakikomboa. Pande zote mbili zilijua jambo moja: anayeishika maikrofoni ya taifa huishika nchi. Mwananchi anayeigharimia maikrofoni hiyo kwa kodi yake hakuulizwa na upande wowote.

Wapenda haki, swali letu ni hili: Idhaa ya Taifa ya KBC, ambayo leo huitwa Radio Taifa, ni mali ya nani?

Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, ikaliita Sauti ya Kenya na kuliweka chini ya wizara. Mwaka 1989 jina likageuka likawa KBC, bwana hakugeuka. Katika enzi ya chama kimoja taarifa ya habari ilianza na Rais: amemlaki nani, amehutubia wapi, na Jumapili ameabudu katika kanisa gani. Aliyetaka kujua yaliyotokea Kamukunji siku ya Saba Saba mwaka 1990 aliitafuta BBC ya London au Deutsche Welle ya Ujerumani. Mkenya alisimuliwa habari za mtaa wake kutoka Ulaya.

Hatuwabezi watangazaji. Idhaa hiyo imewafunza watoto masomo yao, imewapelekea jamaa matangazo ya vifo, na imekikuza Kiswahili. Tangu mwaka 1966 kipindi cha marehemu Mbotela, “Je, Huu ni Uungwana?”, kiliwarudi raia kwa utovu wao wa adabu, nao wakakipenda. Lakini twauliza: ni kipindi gani kilichopata kuiuliza serikali swali hilo hilo? Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wagombea waliokuwa na foleni fupi walitangazwa washindi mchana kweupe. Je, ule ulikuwa uungwana?

Mwaka 1997, kwa mapatano ya wabunge wa vyama vyote, sheria ya KBC ilirekebishwa ili muda wa hewani ugawanywe kwa haki baina ya mitazamo mbalimbali ya kisiasa. Miaka 10 baadaye, tarehe 30 Desemba 2007, waandishi wengine walitolewa nje, na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akayasoma matokeo ya urais mbele ya KBC peke yake. Jioni hiyo hiyo mshindi aliapishwa Ikulu, na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata. Hatusemi kwamba maikrofoni ndiyo iliyowaua. Twasema kwamba nchi ilipohitaji sauti moja ya kuaminiwa na pande zote, haikuwa nayo.

Ndipo Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 34(4), ikaviamuru vyombo vya habari vya Serikali vijiamulie vyenyewe maudhui yao, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wapinzani. Maneno ni mazuri. Lakini chini ya sheria ya KBC mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, na Waziri huwateua wajumbe. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Wapo wanaotuambia kwamba vituo ni vingi siku hizi, na asiyeitaka KBC ageuze kitufe. Jibu letu ni kwamba kituo cha biashara humfuata mwenye pesa, na mfugaji wa Turkana hana pesa za kufuatwa. Tena, tarehe 30 Januari 2018 serikali ilivizima vituo vikubwa vya televisheni vya binafsi kwa siku kadhaa; cha serikali hakikuguswa. Wingi wa vituo si kinga ikiwa swichi ni moja.

Waumini wanamkumbuka Mfalme Ahabu. Alikuwa na manabii wapatao 400, wote wakimwahidi ushindi kwa kauli moja. Mikaya peke yake ndiye aliyesema kweli, naye akatiwa gerezani kwa kuisema. Ahabu akaenda vitani akiwa amejaa sifa, na hakurudi hai. Redio inayomsifu mtawala asubuhi, mchana na jioni haimfai hata mtawala mwenyewe.

Basi twadai haya. Kwanza, uwezo wa kuiteua bodi ya KBC uondolewe mikononi mwa Rais na Waziri. Wanaotaka kazi hiyo wahojiwe hadharani na kuidhinishwa na Bunge. Pili, kila juma pawe na mjadala wa moja kwa moja, kwa Kiswahili, ambamo mawaziri watawajibu wapinzani na wananchi bila maswali yaliyotungwa mapema. Tatu, kuanzia sasa hadi uchaguzi mkuu wa mwaka 2027, KBC ichapishe kila mwezi hesabu ya dakika ilizompa kila mgombea na kila chama.

Nasi tusingoje kupewa. Kila kamati ya Haki na Amani, katika kila parokia na usharika, iwateue wasikilizaji wawili. Kwa siku 30 waisikilize taarifa ya habari wakiwa na saa na daftari, waandike ni nani aliyesema, kuhusu nini, kwa dakika ngapi, na ni nani aliyesemwa bila kupewa nafasi ya kujibu. Mahakama haihukumu kwa manung’uniko. Huhukumu kwa ushahidi, na daftari hizo ni ushahidi. Kazi hiyo ianze Jumapili ijayo, mara baada ya ibada.