Mgeni wa Likizo na Mtoto wa Makao

Kujitolea, yaani mtu kutoa nguvu na muda wake bila kudai ujira, ni jambo jema lisilohitaji kutetewa. Linalohitaji kupimwa ni mahali nguvu hizo zinapoelekezwa. Kila mwaka, shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga kati ya Juni na Agosti, vijana wa huko huvuka bahari kuja kulea watoto wa makao ya yatima kwa wiki mbili tatu, na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ni miongoni mwa sehemu wanazozifikia. Hiyo ndiyo miezi ambayo baridi ya Mufindi na Uporoto huuma kuliko mingine, mahindi yakiwa yanavunwa, na mgeni aliyeliacha joto kwao hujikuta akitafuta sweta siku ya kwanza.

Sababu ya kuwapo kwa makao hayo inafahamika. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.3 Iringa, 9.3 Mbeya, na 11.4 Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ilhali wastani wa taifa ulikuwa takriban asilimia 5. Watoto walioachwa na msiba huo walipokewa zaidi na bibi, baba wadogo, mama wakubwa na mashangazi. Wachache tu ndio waliofikishwa makaoni, na hata miongoni mwa hao wachache wamo wenye mzazi au ndugu aliye hai, aliyeshindwa na umaskini wala si kwa kukosa upendo.

Wageni huguswa sana na namna wanavyopokelewa. Gari halijazima injini, watoto wamekwisha kulizunguka. Mmoja ameshika mkono wa mgeni, mwingine anataka kubebwa, na picha hupigwa hapo hapo. Lakini katika kijiji hicho hicho, mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na bibi yake akimwona mtu asiyemjua hukimbilia nyuma ya kitenge cha bibi na kuchungulia kwa jicho moja. Wataalamu wa malezi huuita uhusiano wa mtoto huyo na bibi yake mshikamano, maana yake fungamano la mtoto na mtu mmoja au wachache anaowatambua kuwa ndio kimbilio lake, na John Bowlby, katika ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, alieleza madhara ya kulikosa fungamano hilo utotoni. Kwa hiyo yule anayejificha ndiye mwenye afya. Huyu anayemrukia kila mgeni mara nyingi anaonyesha kwamba hana wa kumkimbilia, na kila Agosti mkono mwingine aliouzoea unapanda basi na kuondoka.

Wahenga waliagiza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Makaoni agizo limegeuzwa, kwa kuwa mgeni hapewi jembe bali hupewa mtoto, tena na watu ambao wasingekubali kijana wa miaka 18 asiyejua lugha ya nyumbani awalelee wanao wa kuwazaa. Hapa lawama haimwelemei kijana, aliyekuja kwa moyo safi na pengine kwa kulipia. Inamwelemea mwenyeji aliyezoea michango inayofuatana na mgeni. Hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zizuie madhara ya mipango ya kujitolea katika makao ya yatima, ikiwemo ile inayoambatana na utalii.

Wasimamizi wa makao, basi, na wampe mgeni jembe lake: akarabati paa, afundishe hesabu pamoja na mwalimu aliyeajiriwa, apokezane mzigo wa kufua na mlezi, na mtoto abaki mikononi mwa mlezi yule yule mwaka mzima. Kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho hutolewa kwa wanaojitolea, kinampa mgeni ruhusa ya kuwapo nchini. Hakimthibitishi kuwa mlezi.

Hata hivyo neno zito zaidi ni la wenyeji wenyewe, kwa kuwa mtoto hawezi kungoja likizo za watu wa mbali. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka njia ya malezi ya kambo, yaani familia kumlea mtoto asiye wao bila kumwasili, na maofisa ustawi wa jamii hutumia pia familia za kuaminika, ambazo huchunguzwa na kuandaliwa zimpokee mtoto kwa muda wakati suluhisho la kudumu likitafutwa. Nyumba yenye chumba na mtu asiyehama inaweza kuwa mojawapo. Msomaji wa Mbeya au Iringa mwenye nyumba ya namna hiyo na afike kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Na asiye nayo amtazame bibi wa jirani anayelea wajukuu wanne, akamsaidie kuvuna.