Cheti Bila Zana: Hesabu ya Stashahada ya Ufundi Mkoani Katavi

Mzazi wa Mpanda anapouza magunia yake ya mpunga ili kumpeleka mwanawe kusomea teknolojia ya utengenezaji wa bidhaa, aghalabu huhesabu jambo moja tu, nalo ni ada. Lakini ada ni sehemu tu ya gharama. Na nionavyo mimi, kipengele kilicho muhimu kupita vyote hakimo kabisa katika hesabu hiyo.

Katika baadhi ya vyuo vyetu, kijana aliyemaliza kidato cha sita huweza kupata stashahada ya ufundi kwa miaka 2. Tuchukue tarakimu za mfano, ambazo kila msomaji anaweza kuzibadili kwa zile anazozijua. Tuseme ada, chakula, malazi na nauli ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Kwa miaka 2 ni shilingi 4,000,000. Tuseme pia kwamba kijana huyo, kama angalibaki nyumbani akilima na kufanya vibarua, angalipata shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa kwenda chuoni ameziacha shilingi 2,400,000. Hakuna anayemwandikia stakabadhi ya fedha hizo, ila nazo ni gharama. Jumla inakuwa shilingi 6,400,000.

Sasa tutazame mapato. Akiajiriwa mara moja kuwa fundi sanifu kwa mshahara wa shilingi 250,000, ziada yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na gharama itarudi kwa miezi 43 hivi. Akikaa mwaka mzima bila kipato akingojea ajira, atapoteza shilingi 1,200,000 nyingine, na tangu kuhitimu hadi kurudisha gharama itapita miaka 5. Akirudi Mpanda na cheti chake, mikono mitupu, akawa anaambulia shilingi 130,000 kwa mwezi, itamchukua karibu miaka 18. Elimu ni ileile na chuo ni kilekile. Kilichotofautiana ni kama mhitimu amepata pa kuitumia elimu hiyo.

Je, Katavi hapana pa kuitumia? Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi, nao mgodi huo ukafungwa mwaka 1960. Leo mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unategemea mahindi, mpunga, alizeti, karanga, tumbaku, asali, mbao na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Mpunga unataka mashine ya kukoboa, alizeti inataka mashine ya kukamua, na mawe ya dhahabu yanataka karasha. Shafti ya mashine ya kukoboa ikikatika wakati wa mavuno, mwenye mashine hana budi kungojea kipuri kutoka mbali, na mkulima naye humngojea yeye. Fundi anayejua kukereza na kuchomelea chuma angaliweza kuimaliza kazi hiyo papo hapo. Kazi ipo, basi, hata pale ambapo ajira haipo.

Turudi kwenye hesabu yetu, tuongeze zana: mashine ya kuchomelea, keekee, jiriwa na vifaa vya kupimia. Tuseme vyote ni shilingi 3,000,000. Gharama sasa ni shilingi 9,400,000. Lakini ikiwa fundi huyo, baada ya kulipia umeme, chuma na pango, atabakiwa na shilingi 350,000 kwa mwezi, ziada yake ni shilingi 250,000, na gharama yote itarudi kwa miezi 38. Ametumia zaidi, naye amerudisha mapema kuliko yule aliyeajiriwa mara moja.

Nitaambiwa kwamba zana hazileti wateja. Ni kweli, kazi za mashine hufuata msimu, na fundi mgeni huanza kwa kuaminiwa kidogo kidogo. Nitaambiwa pia kwamba kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na kwamba mashine kubwa ya kukereza haiwezi kununuliwa na kijana mmoja. Hayo nayo ni kweli. Lakini ni hoja za kutaka karakana ya pamoja. Si hoja za kumwacha mhitimu mikono mitupu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo wa 2023/24. Ni hatua njema. Walakini mkopo hauondoi gharama, huihamisha tu kutoka leo kwenda kesho, na anayekopeshwa ada pasipo zana huongezewa deni pasipo njia ya kulilipa. Napendekeza mkopo wa fundi uvuke siku ya mahafali: sehemu yake itolewe kwa zana, na zana hizo ziwe dhamana. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, ndilo lifaalo kulisimamia jambo hilo pamoja na karakana za pamoja. Vyuo navyo viwapeleke wanafunzi wa Katavi kufanya mafunzo kwa vitendo Katavi, wakazione mashine watakazozitengeneza na kujuana na wenyewe.

Mzazi ameshauza mpunga wake. Tusimrudishie karatasi tu.