BABU ALIHUKUMIWA KIFO BILA KUSIKIZWA. SISI TUMEJIFUNZA NINI?



Juzi tulikuwa tunakunywa chai hapa Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Kijana mmoja akatuuliza: "Nikiandika kwa simu yangu kwamba hesabu za kaunti haziingiani, nitashikwa?" Watu wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Hakuna aliyemjibu. Leo tunajaribu kumjibu, na tutaanzia mbali kidogo, Unguja.

Abdulrahman Mohamed Babu alizaliwa Zanzibar mwaka 1924. Ujanani alikuwa karani katika chama cha wakulima wa karafuu, kwa hivyo mambo ya bei na jasho la mkulima hakuyasoma vitabuni peke yake. 1951 alienda London kusoma, 1957 akarudi na kuwa katibu mkuu wa ZNP, chama ambacho wazee wanakiita Hizbu. Alikuwa mwandishi wa habari pia, akihariri Zanews, na kalamu yake iliwachoma Waingereza mpaka 1962 wakamfunga kwa kosa la uchochezi. Alipotoka jela aliachana na ZNP, akaunda chama chake, Umma Party, mwaka 1963.

Yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Mfungwa wa jana akawa waziri wa mambo ya nje. Baada ya Muungano akashika wizara Dar es Salaam, zikiwemo za biashara na mipango ya uchumi. Ni mmoja wa waliojenga urafiki na Uchina, ule uliozaa reli ya kwenda Zambia.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mapinduzi yale yalimwaga damu nyingi, na serikali iliyofuata ikafunga watu bila kesi. Babu alikuwa ndani ya serikali. Ziko familia, Unguja na hata Mombasa, ambazo zikisikia jina lake hazifurahi, na zina sababu zao. Sisi hatumfanyi walii. Tunasimulia yaliyompata kwa sababu dhulma haigeuki kuwa haki eti aliyedhulumiwa naye ana makosa yake.

Februari 1972 Nyerere alimtoa kwenye baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili, Rais Karume akapigwa risasi na kufa. Babu akakamatwa, akawekwa jela bara kwa amri ya kizuizini. Sheria hiyo ilipitishwa Tanganyika mwaka 1962, na serikali aliyoitumikia Babu kama waziri iliendelea kuitumia kwa wengine. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Kesi ya uhaini ikafunguliwa Zanzibar 1973, yeye akiwa amefungwa ng'ambo ya pili ya bahari. Mahakama yenyewe haikuruhusu mawakili wa utetezi. 1974 akahukumiwa kifo. Hakusimama kizimbani. Hakuulizwa swali hata moja. Hebu fikiria: uko jela mji mwingine, halafu unapata habari kwamba umeshahukumiwa kunyongwa.

Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar. Alikuwa ameshaona. Mwaka 1969 aliwarudisha huko Kassim Hanga na Othman Shariff, wakauawa. Kwa hivyo Babu alipona kamba, lakini hakuachiliwa hadi Aprili 1978. Mkono uliomnusuru ndio huo huo uliomfungia miaka sita.

Jela haikumnyamazisha. Huko ndani aliandika, na 1981 kitabu chake kuhusu ujamaa wa Afrika kikatoka. Hoja yake unaweza kuieleza sokoni ukaeleweka: nchi inayolima ili iuze nje, huku chakula na nguo ikinunua kwa wengine, haijajitawala hata ikiwa na bendera. Alifundisha Marekani, akaishi London akiandika magazetini, akawakosoa watawala wa Afrika, wakiwemo waliokuwa wenzake. 1995 alirudi Tanzania wakati wa uchaguzi wa vyama vingi, upande wa upinzani. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996, akazikwa kwao Zanzibar. Allah amrehemu.

Usiseme hayo ni ya Zanzibar. Mombasa yetu ilimtoa Abdilatif Abdalla, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi. Desemba 2017 mchumi na mwandishi wa makala David Ndii alikamatwa Diani kwa kutetea mabunge ya wananchi. Tulisema wakati ule kwamba si haki, na leo tunasema vile vile. Tangu 2022 yeye ni mshauri wa Rais wa mambo ya uchumi. Na ni chini ya serikali hii hii ambapo Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alishikwa Homa Bay kwa ajili ya maneno ya mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa mwenyewe. Madaktari waliompasua wakasema majeraha yale hayafanani na ya mtu aliyejiumiza.

Mnaona mambo yanavyozunguka? Aliyefungwa anaingia serikalini, na kufuli anaikuta pale pale mlangoni. Asipoivunja akiwa na nguvu, itafunga mwingine kesho, na huenda kesho kutwa ikamfunga yeye. Sheria mbaya haina rafiki.

Sasa kijana wetu, jibu lako ni hili. Ndiyo, unaweza kushikwa, hatutakudanganya. Lakini una haki, zijue kwa kichwa. Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kusema. Cha 35 kinakuruhusu kuomba hesabu za serikali, kwa hivyo ziombe kwa maandishi kabla ya kuandika, uwe na ushahidi mkononi. Usitukane mtu, usizue, taja takwimu. Ukishikwa, Kifungu cha 49 kinasema una haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya masaa 24. Cha 50 kinataka usikizwe kwa haki. Hicho ndicho Babu alinyimwa.

Na sisi wengine tuliokunywa chai tukanyamaza? Kazi yetu ni kutonyamaza siku hiyo. Akishikwa, twende kituoni tuulize yuko wapi, kitabu cha polisi kimeandikwa nini, kortini ni saa ngapi. Hata kama hatupendi alichoandika. Hasa kama hatupendi alichoandika.