Waziri akienda, dosye ibaki

Kila mara serikali mupya inaingia, hapa Kolwezi watu wanauliza jambo moja tu: nani amepewa kiti gani? Wanahesabu mawaziri, wanahesabu watu wa kabine, chama gani kimepata, kabila gani limekosa. Lakini kuna kiti kimoja hawakiangalii sana, na njo kile kinagusa chakula cha watoto: kiti cha mukubwa wa wafanyakazi wa Leta. Ule anayeandika nani ameingia kazi, nani amepanda gradi, nani anaenda retreti.

Sheria haijakosa. Konstitusio ya 2006, kifungu 193, inasema kazi ya Leta haina chama, na hakuna mutu anaweza kuigeuza kwa faida yake ao ya chama chake. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 julai 2016 inataka watumishi waingie kwa konkuru. Lakini kifungu 81 cha Konstitusio kinaacha wakubwa wa juu watajwe na Rais, kwa mapendekezo ya serikali. Hapo njo mulango ambamo siasa inapita. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa MPR, chama na Leta vilikuwa kitu kimoja. Chama kilianguka, mazoea yalibaki.

Mutashangaa juu ya nini mutu wa sendika ya mine anasema mambo ya Leta. Basi musikilize. Mufanyakazi wa kampuni akifukuzwa, hawezi kwenda moja kwa moja ku tribinali. Kode ya kazi ya 2002 inataka apite kwanza kwa enspekta wa kazi, ajaribu kuwapatanisha. Na ule enspekta ni mutumishi wa Leta. Kama mukubwa anayemupandisha ao kumuhamisha alipewa kiti na mwanasiasa, na mwanasiasa ni rafiki wa mwenye kampuni, enspekta ataandika nini? Mapatano namba 81 ya OIT, ya mwaka 1947, yalishaona hatari hiyo: yanasema enspekta awe na kazi ya kudumu, asitikiswe na mabadiliko ya serikali. Inchi yetu iliyakubali.

Wengine watasema: hawa watu wa karyera wamelala, wanapenda matabishi, wengine wamezeeka na hawataki kutoka. Kuna ukweli ndani. Lakini dereva akisinzia, unatafuta dereva mwingine mwenye permi. Hauweki ku volanti mutu asiyejua kuendesha, eti kwa sababu alipiga kampeni muzuri. Tena, aliyeingia kwa kadi ya chama anajua ataondoka na waziri wake. Kwa hiyo anaharakisha kuingiza wake, na anayekuja nyuma anawatoa, anaingiza wengine. Liste inavimba, mushahara unachelewa, na mutu aliyetumika miaka 30 anaambiwa dosye yake haionekane.

Tunaomba nini? Waziri na gavana wachague watu wa kabine vile wanataka, na waondoke nao. Lakini mukubwa wa wafanyakazi, ku Kinshasa na humu mu Lualaba, atoke ndani ya gradi, kwa konkuru iliyotangazwa mbele ya wote. Asitolewe bila sababu iliyoandikwa. Na sendika za watumishi wa Leta zipewe liste za kupanda gradi mbele hazijatiwa sahihi.

Na siye wa sendika pia, tuache kupiga foleni ku mulango wa mawaziri kuombea ndugu zetu viti. Hatuwezi kulaumu mchezo na huku tunacheza.

Waziri anakuja na mutokari yake, anaondoka nayo. Karatasi ya karani wa Dilolo na ya muuguzi wa Kasaji inapaswa kubaki mahali pake, na mutu anayejua kuisoma.